Picha ya Nne Aliyoiona Rukia

Harufu ya petroli inapokutana na harufu ya udongo uliolowa, mimi hurudi Keroka popote nilipo. Juzi ilinipata hapa Nyamira, stima ilipopotea na jirani yetu kinyozi akawasha jenereta yake huku mvua ikinyunya. Nilikuwa natoka sokoni na fungu la mboga mkononi. Nikasimama tu barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina, na kwa muda nikawa tena mtoto, nimebanwa kwenye benchi kati ya kaka yangu Ombati na rafiki yangu Rukia, ndani ya banda la video la Makori. Mbele yetu chombo kikubwa kama mji kilikuwa kinapita juu ya vichwa vyetu, kinapita, kinapita, na hakiishi.

Nikueleze kwanza banda lenyewe. Lilikuwa nyuma ya duka la mbao, na Makori alilijenga kwa mabati aliyoyang'oa kwenye nyumba nyingine, kwa hivyo lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani kila mahali. Madirisha aliyaziba kwa magunia. Jua la mchana lilipopenya kwenye matundu yale, giza la ndani lilijaa nukta za mwanga, nyingi ajabu, nyingine zikitua kwenye nywele za aliyeketi mbele yako. Sikuwahi kujua hasa anga la kwenye picha liliishia wapi na la Makori likaanzia wapi. Nje jenereta ilinguruma, ndani tulinukia sweta zilizolowa na ndizi mbivu, na Makori mwenyewe alisimama kando ya televisheni akiwa ameshika kijiti, tayari kumchapa miguuni yeyote atakayeziba watu.

Kila Jumamosi mchana, kazi za nyumbani zikiisha, alituonyesha picha za anga. Zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa hadithi moja ndefu: watu ambao jua lao limezeeka, limevimba na kugeuka jekundu, wakaingia wote kwenye chombo kimoja wakatafute ardhi nyingine. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke. Jina lake halisi lilitushinda kutamka, tukamwita Kapteni. Majina ya picha nayo yalikuwa ya Kizungu kigumu, kwa hivyo tulizibatiza upya. Ya kwanza ilikuwa Ya Moshi. Ya pili, Ya Msitu. Ya tatu tuliiita Ya Barafu, na ya tano, Ya Kovu.

Ya nne haikuwa na jina kwa sababu hakuna aliyeiona. Makori aliitafuta Kisii, akaagiza watu wa malori waulizie Kericho na Nakuru, lakini haikupatikana. Na hilo pengo lilikuwa baya, maana mwisho wa Ya Barafu, Kapteni alimwacha binti yake mdogo kwenye sayari ya barafu, mikononi mwa watu asiowajua, kwa sababu ndani ya chombo kulikuwa na ugonjwa. Mlango unafungwa, mtoto amesimama kwenye theluji, picha inaisha. Ukiingia Ya Kovu, mtoto yuko na mama yake tena, wanakula pamoja kama kawaida. Ila Kapteni uso wake umeungua nusu nzima, na mkono mmoja umekunjamana. Nini kilitokea? Hakuna aliyejua.

Tulibishana. Jamani, tulibishana! Tulipanga picha zile kutoka ya kwanza kwa uzuri hadi ya mwisho, tukazipangua, tukazipanga tena. Tukiteka maji, tukichuma majani chai, tukitoka kanisani. Ombati ndiye aliyekuwa jaji na alikuwa na sheria moja tu, kwamba hakuna ruhusa ya kusema "ni nzuri tu". Lazima utoe sababu. Yeye alishikilia Ya Moshi kwa ajili ya vita vyake. Mimi nilishikilia Ya Msitu kwa sababu ya miti iliyokuwa inapumua. Kwa wiki nzima baada ya kuiona nilipita polepole kwenye mikaratusi ya shule nikisikiliza. Mama yetu aliwahi kusimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, "Mngekuwa mnabishia hesabu hivi, saa hii ningekuwa na madaktari wawili humu ndani." Nyuma yake maziwa yalikuwa yanafurika na kuzima moto, maana mimi niliyeachiwa kuyaangalia akili yangu ilikuwa kwenye Ya Msitu.

Rukia hakubishana sana. Alisikiliza, halafu akauliza swali moja ambalo lilimharibia Ombati mpangilio wote. Kwao walikuwa Waislamu, jirani zetu wa ukuta kwa ukuta. Babu ya baba yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku, na wao walizungumza Ekegusii kama sisi kabisa. Lakini ndani ya nyumba yao walizungumza Kiswahili, na si kile chetu cha darasani, cha kujaza mapengo na kupewa alama. Chao kilikuwa cha kuombana chumvi na kubembeleza mtoto.

Mama yake, Mama Rukia, aliuza mahamri karibu na stendi. Msimu mmoja wa mvua alikuwa anakaanga alfajiri, stovu ya mafuta taa ikamlipukia. Alipelekwa hospitali Kisii akakaa huko muda mrefu. Sisi watoto tuliambiwa maneno mawili tu, kwamba ameungua na kwamba atarudi. Mama yangu alitutuma kwao na ndizi na maziwa, na kila tulipofika tulimkuta Rukia na mdogo wake Hawa kiunoni. Hawa alikuwa hajaanza shule. Tangu mama yao aondoke alikataa kushuka. Alikaa kwenye kiuno cha dada yake kama sehemu ya nguo.

Baba yao alimchukua Rukia mara moja kwenda kumwona mama. Hawa hakuruhusiwa. Rukia aliporudi nilimuuliza, "Mama anaendeleaje?" Akasema, "Anakusalimu." Nikaridhika, kwa kuwa nilikuwa mtoto na ilikuwa salamu yangu.

Jumamosi iliyofuata Makori aliweka Ya Kovu. Tulikuwa tumeiona tayari, lakini Hawa hakuwa ameiona. Kapteni alipogeuka na uso wake ulioungua ukajaa televisheni nzima, Hawa alipiga yowe ambalo sijasikia tena mtoto akilipiga. Alijichimbia kwenye leso ya dada yake, akapiga mateke, akalia hadi akatapika. Watu wakacheka, Makori akatikisa kijiti chake, na Rukia akatoka naye nje. Picha ilipoisha niliwakuta wameketi kwenye magogo ya duka la mbao. Hawa alikuwa amelala. Rukia alikuwa anatazama mbele, hanioni. Nilimweleza sehemu aliyoikosa yote, kwa mapana, na hata sijui kama alisikia.

Wiki ile aliongea kidogo sana. Kisha ikaja Jumamosi ya mvua ya mawe.

Makori alikuwa ameweka Ya Barafu kwa maombi ya wengi. Tulifika pale mwisho, Kapteni amepiga magoti anamfunga mtoto skafu, ndipo mawe yakaanza. Wewe uliyekulia huku unajua yanavyoanza: moja, kama mtu amerusha kokoto, kisha kimya kidogo, kisha mbingu yote inamwagwa. Bati lilinguruma hata ukipiga kelele hujisikii. Kwenye televisheni midomo ya Kapteni ilikuwa inafunguka na kufumba bila neno. Mlango ukafungwa, mtoto akabaki kwenye theluji, na papo hapo Makori akakimbia nje kufunika jenereta yake, akaizima. Giza. Hakuna aliyeweza kutoka, maana mawe yale yanapasua kichwa. Harufu ya petroli na udongo ikaingia kwa chini ya mlango.

Mawe yalipopungua kidogo Ombati akasema kwa sauti, "Sasa mtu aruke mpaka ya tano kama mbuzi."

Rukia akasema, "Ya nne mimi nimeiona."

Banda lote liligeuka. "Wapi?" Ombati akauliza.

"Mombasa. Kwa mjomba."

"Lini?"

"Unataka kujua lini, ama unataka kujua kilichotokea?"

Rukia alisimama, akamhamisha Hawa kutoka kiunoni akamkalisha mbele yake juu ya benchi, uso kwa uso, kisha naye akaketi akamvuta mapajani. Akaanza, na alianza kwa Kiswahili. Angeweza kutumia Ekegusii; sisi sote tungeelewa haraka zaidi. Alichagua lugha ya nyumbani kwao.

Alisema Kapteni alipona ule ugonjwa wa kwenye chombo na siku aliyopona akataka kurudi kwa mtoto. Lakini njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Lile jua la zamani lilikuwa limevimba hadi likaziba barabara ya anga. Kulikuwa na njia ya kuzunguka, salama, ila ukizunguka unafika mtoto ameshakuwa bibi kizee. Njia nyingine ilikuwa kupita kando ya jua lenyewe. Kapteni aliwashusha watu wake wote kwenye vyombo vidogo akawaambia wazunguke. Yeye akabaki peke yake kwenye chombo kile kikubwa kama mji, taa zote zimezimwa, vyumba vyote vitupu, akakigeuza kuelekea jua.

Nakwambia niliona. Sijui nikueleze vipi. Hakukuwa na picha yoyote mbele yetu, televisheni ilikuwa kioo cheusi, na mimi niliona vioo vya chombo vikigeuka rangi ya machungwa, kisha nyekundu, kisha nyeupe. Niliona rangi ikibabuka kwenye kuta. Alisema chuma kilianza kulia kama ng'ombe. Alisema Kapteni alikuwa anaimba kwenye redio ili mtoto amsikie, na kule kwenye barafu wale watu walimwambia mtoto kila siku, "Mama yako hayupo tena," naye anaweka sikio kwenye redio na kuwaambia, "Yupo. Anaimba. Nyamazeni mnaniharibia." Joto lilipozidi, Kapteni aliweka mkono mmoja mbele ya macho yake, ili macho yasiungue. Uso ukaungua, mkono ukaungua, macho akayaokoa.

"Kwa nini hakuokoa uso?" mtu akauliza gizani.

"Macho ni ya kumwonea mtoto," Rukia akasema. "Uso ni wa kazi gani?"

Hata Makori alikuwa amerudi ndani, maji yakimtiririka, na amesimama na kijiti chake kama mtu aliyesahau kazi yake.

Chombo kikafika kwenye sayari ya barafu kikiwa bado cha moto, na barafu ikayeyuka chini yake ikawa ziwa. Mlango ukafunguka. Watu walipomwona Kapteni wakakimbia. Watoto wa kule wakamrushia vibonge vya barafu. Binti yake naye akarudi nyuma, kwa sababu hakuujua uso ule. Hapo sauti ya Rukia ilishuka, tukainama wote kumsikiliza, lakini alikuwa anamtazama Hawa tu.

"Mtoto akasema, 'Wewe si mama. Mama ana uso mwingine.' Kapteni akamwambia, 'Uso wangu niliuacha kwenye jua. Mimi mwenyewe nimekuja.' Mtoto akatazama macho. Akayajua. Akauliza, 'Inauma?' Mama akasema, 'Ukigusa polepole, haiumi.' Basi mtoto akagusa. Polepole."

Akaishia hapo. Nje mvua ilikuwa imebaki ya kawaida, na tulipofungua mlango Keroka yote ilikuwa nyeupe. Mawe yalifunika barabara, mapaa, na vibanda vya soko. Migomba imechanika vipande, na moshi mwembamba wa baridi unapanda kutoka chini. Tulisimama mlangoni hatutaki kukanyaga. Mimi niliamini kabisa kwamba tumefika.

Mabishano ya wiki zilizofuata yalikuwa makali kuliko yote. Ombati alishikilia kwamba picha ambayo hujaiona kwa macho yako haiwezi kupangwa. Wengine wakamwambia sisi tumeiona. Alimbana Rukia kwa maswali, kwamba chombo kilipata wapi mafuta ya kurudi na wale waliozunguka walifika lini, na Rukia alimjibu bila kubabaika. Makori alimwomba aisimulie tena Jumamosi nyingine, bila jenereta, bila kitu, na watu wakaja wakajaa hadi mlangoni. Mwishowe siku moja tukiteka maji Ombati aliweka mtungi chini akasema, kama mtu anayesaini kitu kikubwa, "Sawa. Ya nne ni ya kwanza." Nasi tukapiga makofi.

Hawa aliitaka kila siku. Nilimsikia kupitia ukutani akidai, "Nipe ya jua," na sauti ya Rukia ikianza upya.

Kisha Mama Rukia akarudi. Ilikuwa likizo, mchana kweupe, na wanawake wa jirani walikuwa wamejaa uani wakipika. Gari lilisimama. Baba Rukia alishuka kwanza akamshika mkewe mkono. Mama alikuwa amejifunika leso hadi kwenye paji la uso, lakini leso haiwezi kufunika kila kitu. Upande mmoja wa uso ulikuwa umekunjamana na kung'aa, jicho limevutwa kidogo, sikio halipo vizuri. Mtoto mmoja wa jirani akaanza kulia. Mimi nilijificha nyuma ya gauni la mama yangu, na mama akanibana kwa mkono nisikimbie.

Mama Rukia alisimama pale. Hakusonga mbele. Alikuwa anamtazama Hawa, na nadhani alikuwa anaogopa kuliko sisi sote.

Hawa alishuka kwenye kiuno cha dada yake. Mwenyewe. Alitembea uani akipita kati ya sufuria, akasimama mbele ya mama yake, akainua kichwa na kumtazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Inauma?"

Mama Rukia akapiga magoti kwenye matope na nguo zake safi za safari. Akatikisa kichwa.

"Nitagusa polepole," Hawa akasema.

Akanyoosha kidole, akagusa shavu lile lililoungua, kisha akaweka kiganja kizima.

Wanawake wakaanza kulia kwa sauti. Baba Rukia akasema, "Alhamdulillahi," akageukia ukuta. Mama yangu alirudia jioni ile na siku nyingine nyingi, "Mtoto yule Mungu alimpa moyo gani?" Na mimi niliona vivyo hivyo. Rukia, nakumbuka, alikuwa amesimama kando ya mlango na ncha ya leso mdomoni, akiiuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama zaidi ya hapo.

Nimekaa na kumbukumbu hiyo miaka yote nikidhani ni mbili: moja ya picha nzuri kuliko zote, nyingine ya mtoto jasiri. Mwaka jana mpwa wangu aliniletea picha zile zote za anga kwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye televisheni. Niliwakusanya wanangu sebuleni. Tulipofika ya nne niliwanyamazisha, nikazima hadi simu. Niliwaambia, "Hii sasa. Hii ndiyo baba yao."

Ilikuwa habari ya mgogoro wa wafanyabiashara. Watu walikaa kwenye meza ndefu wakajadiliana kodi za angani. Binti alirudishwa na mjomba wake mwanzoni kabisa, ukiwa umeinama kuchukua chai hukumwona akifika. Kapteni aliungua uso akitengeneza bomba la mvuke jikoni, na hakuna aliyelizungumzia tena. Mwanangu mkubwa alinigeukia. "Mama, jua liko wapi?"

Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki. Yalinijia yote kwa mara moja, yowe la Hawa kwenye banda, Rukia kwenye magogo akitazama mbele, safari moja ya hospitali ambayo mdogo wake hakwenda. Alikuwa ameona uso wa mama yake. Alikuwa ameona pia mdogo wake akiukimbia uso kama huo kwenye televisheni. Na hakuna mtu mzima aliyefikiria siku ile ya kurudi itakuwaje.

Nilimwandikia Ombati, ambaye siku hizi ni mwalimu Kenyenya, nikamweleza kila kitu. Alijibu baada ya muda mrefu: "Haidhuru. Inabaki nambari moja."

Kisha nikampigia Rukia. Anauza vitambaa Kisii mjini na anazungumza na wateja wakati anazungumza na wewe. Nikamwambia nimeiona ya nne. Akacheka hadi nikasikia ameketi.

"Kwani Mombasa ulikwenda lini?" nikamuuliza.

"Mombasa nimeiona nikiwa nimeshaolewa, Moraa."

"Na lile jua ulilitoa wapi? Na redio? Na kuokoa macho?"

Nilisikia mkasi wake ukiwekwa juu ya meza. "Hayo sikumbuki," akasema. "Wallahi sikumbuki niliwaambia nini. Nakumbuka yale mawe. Nakumbuka Hawa alikuwa mzito mapajani, na nilikuwa naogopa, mama akirudi Hawa atapiga yowe kama alivyopiga kwa Makori. Mama angekufa. Basi nikaongea tu."

Tukazungumza mengine, bei za vitambaa, harusi ya Hawa. Baada ya kukata simu nilikaa pale jikoni hadi chai ikapoa. Nimesoma vitabu tangu siku zile, nimeona picha nyingi kubwa zenye fedha nyingi ndani yake, na sijaona kazi iliyofanywa kama ile: msichana wa shule ya msingi, gizani, mawe yakigonga bati, hana muda wa kujiandaa, anamtafutia mdogo wake njia ya kumrudia mama yake. Sisi tulidhani tunaonyeshwa picha. Tulibishana iwe ya ngapi. Banda zima lilikuwa limejaa watoto wa Keroka, na hadithi ile ilikuwa ya mtu mmoja tu, aliyeketi mapajani mwake, akimtazama mdomo.